Alama Tano za Kabula

Jumatatu, 3 Machi
Mvua tena. Paa la Darasa la Nne linavuja pale pale. Nimesahihisha hesabu, kisha picha nne walizochora wanafunzi, za kwenda maonyesho ya kimataifa ya watoto. Kalamu nyekundu, kama kawaida yangu. Watoto wa ng'ambo nao watatuletea zao. Ya Kabula ndiyo bora: mama yake amekaa mlangoni anachambua maharage, ng'ombe nyuma. Ila mama hana uso. Kumi na tano kwa ishirini. Nikaandika pembeni, "Uso uko wapi?" Nikawarudishia waone alama zao.

Jumanne, 4 Machi
Leo ndiyo nimesoma barua ya maelekezo mpaka mwisho. Picha isiwe na alama wala maandishi upande wa mbele. Miaka kumi na tisa ya ualimu, nimeharibu picha nne kwa mkono wangu. Mjinga kabisa. Wachore upya, mwisho wa kupeleka wilayani ni Jumatano ya wiki ijayo. Watatu wamefurahia karatasi mpya. Kabula hakuja shule.

Alhamisi, 6 Machi
Hakuja tena. Nikachukua baiskeli. Kwao ni mbali, nje kabisa ya Runazi, kwa Wasukuma waliohamia na mifugo. Baba yake alikuwa machungani. Nikamwamkia bibi yake, akaniletea kigoda. Ndipo akaniambia. Mama wa Kabula alifia huko walikotoka, Shinyanga, mtoto akiwa na miaka mitatu. Hawana hata picha moja ya kupigwa. Nimemfundisha tangu mwaka jana na sikujua.
Kabula akatoka na ndoo. Shikamoo, mwalimu. Nikamwambia achore tena vile vile, bila uso, ilikuwa nzuri sana. Akatazama chini.
"Ile nilikosa, mwalimu. Uso wake siukumbuki."
Njia nzima nimesukuma baiskeli. Matope yalikuwa kidogo tu.

Ijumaa, 7 Machi
Najichukia. Mwalimu mkuu anasema nipeleke tatu, yaishe. Nimekataa. Nataka ya Kabula iende. Kwa ajili yake au kwa ajili yangu, sijui.

Jumatatu, 10 Machi
Amekuja na picha mpya, ameikunja ndani ya daftari. Mlango, maharage, ng'ombe. Na uso. Macho makubwa, meno, hereni, kilemba. Nimeutambua palepale. Ni yule mama wa kwenye kitabu cha Kiswahili, anayewamiminia watoto chai. Amemnakili mpaka mikunjo ya kilemba.
Nikamwambia uso si lazima, anaweza kuuacha. Akasema huyu hana kosa. Nikageukia ubao, nikafuta mahali palipokuwa pamefutwa tayari.

Jumatano, 12 Machi
Biharamulo na kurudi. Nimekabidhi picha zote nne. Afisa aliishika ya Kabula muda mrefu, akasema mama huyu amependeza, huko ng'ambo watampenda. Nikashukuru.
Fomu ilitaka jina la kila picha. Nilimwuliza Kabula jana. Ile ya kwanza alikuwa ameiita Mama. Hii alifikiri kidogo, akasema niandike Mwanamke Anachambua Maharage.
Nimeandika hivyo.