Salamanda wa Bonde la Mialoni

Jumatatu, 3 Juni 2024
Leo kazi ya kijiji, kusafisha chemchemi ya Bonde la Mialoni. Shule nimemaliza, sasa nahesabiwa miongoni mwa watu wazima. Nikang'oa gome lililooza – salamanda! Kama mjusi mwenye ngozi laini, mdogo kama kidole changu, mweusi, mstari wa manjano mgongoni. Mjomba Abundio akapiga kelele: leteni chumvi tumuue, huyo huwaingia wasichana tumboni! Wote wakacheka. Nilimficha chupani pamoja na ukoga mbichi wa kwenye mawe.

Jumatano, 5 Juni
Nimempeleka kwa Daktari Irasema, mtafiti aliyepanga kwa shangazi. Alimkagua kwa lenzi – vidole, meno, mkia. Muda mrefu. Kisha akavua miwani.
"Nereida, mwanangu, huyu hayumo katika kitabu chochote."
Hana mapafu, anapumua kwa ngozi! Nilifurahi mpaka nikaogopa.
Lakini ili atambuliwe na kupewa jina, sharti auawe kwa dawa, akawekwe makumbusho. Mmoja tu, alisema, na sauti ikashuka. Bila jina, Daktari hana hoja ya kulitetea bonde. Jumapili mkutano wa kijiji unaamua kama miti ya mialoni ikatwe.
Amekubali nikae na salamanda hadi siku hiyo.

Ijumaa, 7 Juni
Bibi Tomasa hataki kusikia. Mnyama wa mvua hatolewi mlimani, chemchemi itanuna. Baba naye: akishapata jina, serikali itatufungia msitu wetu. "Na sisi tutakula jina?"
Bibi akamjibu, "Wewe utakula mbao?"
Baba akatoka nje. Mimi nimelowesha ukoga. Salamanda ananitazama tu, kama anangoja niseme kitu.

Jumapili, 9 Juni
Nje ya ukumbi. Chupa iko mapajani.
Kwetu, aliyeokota kitu kwenye ardhi ya wote ndiye husimama kukiombea ruhusa. Si baba. Si Daktari. Mimi! Mjomba Abundio kapita: "Bubu wetu leo anahutubia! Nani kamfungua ulimi?" Nimetabasamu kwa adabu.

Nimefunua ukoga nimloweshe – Mungu wangu. Mayai. Kama shanga za maji, naye amejikunja kuyazunguka. Mwanga umempiga, hakukimbia.

Daktari hajui. Yuko ndani, dawa yake iko tayari mezani. Akifa huyu, mayai yatakauka. Nikimnyima Daktari, nani atalisemea bonde?

Nimerudisha ukoga. Polepole.

Wameita jina langu. Baba amegeuka mlangoni, ananitafuta kwa macho.

Wameita tena. Nimesimama, bado naandi–