Kidole Gumba cha Mama

Dada yangu mpenzi,

Pokea salamu zetu. Natumaini wewe, shemeji na wapwa wangu mko salama. Sisi tunapumua tu.

Umeuliza mbona barua zako kwa Mama zinarudi. Dada, Mama hakai tena kwenye nyumba ya serikali. Yuko kwangu, analala nyuma ya cherehani, kati ya marobota ya vitambaa.

Mwanzoni mwa mwaka afisa wa nyumba alipita mlango kwa mlango akigawa fomu. Alisema jengo litakarabatiwa, watu wahame miezi sita kisha warudi. Wapangaji wakamtafuta wakili, mama mmoja mpole. Aliketi nao kwenye ngazi akawaeleza kuwa sheria inawalinda: hakuna wa kuwatoa bila kusikilizwa, na haki ya kurudi ni yao, mradi wasitie saini karatasi asiyoisoma yeye. Jirani wa chini, fundi bomba, aliapa kwamba mkono wake utaota kutu kabla ya kushika kalamu hiyo. Wenzake Mama wakagoma wote kutia saini; wakahama kwa muda tu, wakaenda mahakamani. Kesi wameshinda, na mwezi uliopita walirudi. Kuta bado zinanuka rangi.

Kwa Mama wanaishi watu tusiowajua.

Nilimwendea wakili. Akaisoma fomu yetu mara mbili, akavua miwani, akasema imeandikwa kwamba mpangaji amerudisha nyumba kwa hiari. Akaniuliza kama Mama alisomewa sawasawa, maana kama alidanganywa, rufaa ipo, ndani ya siku thelathini. Nikamjibu alisomewa vizuri.

Dada, msomaji nilikuwa mimi. Mama, kwa macho yake yale yaliyofifia, aliniuliza karatasi inasemaje. Nilijua inasemaje. Afisa alikuwa ameniahidi chumba cha duka pale chini, nitoke kibarazani na cherehani yangu. Nikamwambia Mama ni ya ukarabati tu, nikamshika kidole gumba, nikakichovya kwenye wino. Akanishukuru kwa kumhangaikia. Duka lenyewe alipewa shemeji yake afisa.

Muda wa rufaa ulikwisha jana. Siku thelathini nzima nilifika hadi mlango wa wakili, nikageuka. Msiba wa kujitakia hauna kilio, lakini huu nimemtakia mwingine.

Mama hajui. Kila asubuhi ananiuliza kama mafundi wamemaliza. Namjibu bado kidogo.

Anakusalimu sana. Anasema ukija safari hii, atakutandikia chumba chako kile cha dirishani.

Ni mimi mdogo wako,
Fundi