Ziwa Letu Halina Mamba

Kambi ya Kakuma, 2013

Kwako Yaya Nabintu, dada yangu mkubwa,

Napiga hodi kwa kalamu. Magoti yako bado yanakubali kupanda mlima na kikapu cha mananasi, au siku hizi unawatuma wakwe? Mimi nipo. Huku wakikuuliza hali wanasema "ejok", nami hujibu "ejok" hata siku ambazo si kweli. Vumbi linaonja ugali kabla yangu. Mto wanao, ila mbuzi wanalala katikati yake. Nilipomwambia mama Mturkana anayeniuzia kuni kwamba nimezaliwa kisiwani, maji pande zote, aliniuliza, "Sasa huku ulifuata nini?"

Yaya, nina neno. Binti yangu Nsimire alikubaliwa kwenda Kanada na watoto wake. Ili niingie kwenye kesi yake, ilibidi nami niulizwe habari za kisiwa chetu cha Idjwi, wajue kweli nimetoka huko. Madam wa ofisi ya wakimbizi aliuliza kwa Kiingereza, na mkalimani, mtu wa Lubumbashi ambaye hajawahi kuliona ziwa letu la Kivu, akageuza. Nilijibu kama mwanafunzi: kaskazini ina chifu wake na kusini wake, jua linachomoza Rwanda na kutua Kongo, Mjerumani alikuja, Mbelgiji akamtoa, na wote wawili walituacha tukilima maharage yetu.

Akauliza ukoo wetu ulifikaje kisiwani. Nikasema ukweli: nyanya yetu aliletwa na mtumbwi kutoka Rwanda, akatupwa pale na baba yake kwa sababu ana mimba na hana mume, mvuvi wa kwetu akamchukua awe mkewe. Wakacheka. Mkalimani akasema, "Mzee, acha mizaha." Hakuna kilichoandikwa.

Ndipo akauliza kama ziwa letu lina mamba. Wiki nzima mama wa kuni alikuwa ananitambia mamba wa ziwa lao la Turkana, mpaka nikaona aibu kwa ajili ya Kivu. Nikasema, "Wapo wengi. Mmoja alimwoa dada yangu." Nilimkumbuka marehemu shemeji, mume wako, alivyomeza sambaza, vile visamaki vyetu, na vichwa vyao. Mkalimani aligeuza nusu ya kwanza tu. Madam akaandika.

Basi ukweli waliuita mzaha, mzaha wakaupiga muhuri. Karatasi ilirudi: mzee huyu hapajui kwao.

Nsimire akasema haendi bila mimi. Akafungua mizigo, akarudisha sufuria mekoni. Nilimtazama siku tatu. Ya nne nikamwambia ofisi wamesahihisha, nitamfuata baada ya mwezi, nikamwonyesha karatasi ileile. Kiingereza hasomi. Akaniuliza, "Baba, hunitanii?"

Nikamjibu, "Mambo ya ndege nayo nitanie?"

Ndege iliondoka Jumanne.

Wanasema barua kutoka nyumbani inaweza kufungua kesi tena. Mwendee chifu, Yaya, aandike kwamba nilizaliwa kwetu, kwamba nyanya alitupwa pale, na kwamba ziwa halina mamba hata mmoja. Nsimire akikupigia simu, mwambie niko njiani. Wewe hujawahi kudanganya, kwa hiyo ataamini.

Nisalimie mke wa mdogo wetu, asizidishe maji kwenye pombe ya ndizi. Na mwanao Bahati mpiga makasia. Na mzee wa kanisa aliyenibatiza mara mbili kwa kuwa ya kwanza nilicheka. Ukipita kaburini kwa shemeji, mwambie aniombee radhi kwa ziwa.

Ni mimi mdogo wako, ambaye kwenye karatasi hana kwao,

Mugisho