Miaka Ishirini Sikumwona Uso

Jumatatu, 3 Machi

Nina miaka themanini na mbili. Nimezika wake wawili, kaka zangu wote watano, mchungaji aliyenibatiza na daktari aliyesema moyo wangu hautafika Pasaka ya mwaka jana. Huyo daktari nilishika jembe mwenyewe kumfukia. Darasa la nne la zamani, na bado naandika bila miwani.

Asubuhi nimekagua migomba. Mvua. Mwanangu Lugano kaniletea uji wa ulezi. Tumbo likakata tena. Nimetapika nyuma ya zizi. Mara ya nne tangu mwezi uliopita.

Jumatano, 5 Machi

Mimi si mtu wa kuugua. Kuna mtu ananilisha kitu.

Anayepika ni Tumpe, mke wa Lugano. Yuko kwangu mwaka wa ishirini na sijamwona uso. Ndiyo mila yetu, mkamwana hatazamani na baba mkwe. Nikipita anaingia migombani, anageuka. Chakula hanipi mkononi, anampa mumewe ndiye alete. Wengine wameacha, siku hizi wanapiga picha na wakwe zao harusini. Kijiji kizima cha Matwebe nimebaki mimi. Najivunia.

Lakini mtu anayekupa mgongo miaka ishirini anawaza nini huko anakotazama?

Alhamisi, 6 Machi

Sababu anazo. Nilimrudisha kwao mara mbili kwa kuchelewa kuzaa. Nilisema maneno mbele ya ndugu zake. Ningekuwa yeye ningeshanilisha sumu zamani.

Leo nimeinua kikombe tu, sufuria ikaanguka jikoni kwa kishindo. Juzi vilevile. Nikafoka, "Mshenzi gani huyo?" Anataka nishtuke nife haraka.

Ijumaa, 7 Machi

Sikulala kwa hasira. Nimepanga. Jumapili baada ya ibada naita wazee. Namwekea Tumpe uji wake aunywe wote, tunamtazama. Polisi wa nini? Nataka aone tumbo linavyokata. Nataka alie, nami niwe nimekaa kwenye kiti changu.

Lugano sijamwambia. Atamwonea huruma. Mtoto mwema yule. Tangu mama yake afe ananiosha miguu. Kila asubuhi anachuchumaa hapa mpaka nimalize. "Tata," ndivyo anavyoniita baba yake, "umemaliza wote?" Halafu anaangalia ndani ya kikombe.

Jumamosi, 8 Machi

Sikunywa. Nilimwambia Lugano nimefunga. Tumbo limetulia siku nzima. Basi ni uji. Kesho.

Jumapili, 9 Machi

Wazee sikuwahi kuwaita.

Lugano alileta uji mapema. Nikapokea, nisimshtue, nikijua nitauweka mpaka wazee waje. Nikauinua kidogo mdomoni. Tumpe akatokea nyuma ya jiko. Hakujifunika. Akaja mpaka mbele yangu, akanitazama machoni. Akaninyang'anya kikombe, akakitupa.

"We mwanamke umerogwa?" Lugano akapiga kelele. "Unamtazama tata!"

"Namtazama. Na wewe nitazame. Uji niliopika mimi hauna harufu hii. Jana nimeona kichupa kwenye koti lako."

Mzee Ambakisye, jirani yangu, alikuwa anapita kwenda kanisani. Akasimama kwenye ua na suti yake. Kuku wakaja kudonoa uji. Haikuchukua muda, wawili wakalala wanapiga mabawa.

Lugano aliwatazama kuku. Mimi hakunitazama.

Nikaokota kikombe. Yamebaki matone. Nikamwambia, lamba. Akarudi nyuma. Nikamfuata mpaka ukutani. Lamba! Ambakisye akanishika kiuno. "Mwache, bwana, utakwenda jela uzeeni." Nilimng'ata mkono. Sijutii.

Jumanne, 11 Machi

Polisi wamemchukua Lugano. Kabla hawajaja alisema yote mwenyewe mbele ya mwenyekiti wa kijiji.

Ana miaka hamsini na tano. Alisema, "Nina mvi, bado namwomba tata ruhusa ya kukata mkungu." Alisema daktari aliposema Pasaka alifurahi, akaanza kusubiri. Pasaka ikapita, mimi nimo. Akachoka kusubiri. Hanichukii, anasema. Alitia kidogokidogo ili ionekane ni uzee tu. Kila asubuhi alijiambia kesho ataacha.

Na alikuwa anaupuliza uji usiniunguze. Hilo ndilo linanitoa machozi ya hasira. Adui wa nje angekuja na panga, ningemwona. Huyu aliosha kwanza miguu yangu.

Nilimwambia sitamsamehe. Nitafika miaka mia kwa makusudi. Nitakula, nitashiba, azeekee humo ndani akisikia kwamba mimi bado natembea.

Ijumaa, 14 Machi

Nimerudi kutoka hospitali, Makandana. Wamenitoa damu, wamesema nipumzike.

Mvua imekata. Nimekata mkungu mmoja. Wa pili nilimwambia Tumpe achague mwenyewe. Alichagua vibaya. Nikaukata uleule.

Uji kaleta kwa mkono wake. Ana alama nyeusi chini ya jicho la kushoto. Miaka ishirini sikujua. Alitaka aonje kwanza, nikakataa.

Nikamuuliza kwa nini hakusema mapema.

"Nilikuwa naangusha masufuria usinywe, tata. Ulisema nikikutazama utanirudisha kwetu mara ya tatu."

Nilisema kweli. Mbele ya watu.

Nimekunywa wote. Ulikuwa wa moto, hakuna aliyeupuliza. Nimeungua ulimi.

Atakayebisha haya, Ambakisye yupo, ana alama ya meno yangu mkononi. Mwenyekiti yupo. Na Tumpe yupo. Huyo amuulize akimtazama usoni.