Nyayo za Kituo cha Tatu

Unit 3, Chatsworth,
Durban.
8 Juni 2025

Mpendwa Dada Verediana,

Shikamoo dada. Hujambo huko Bukoba, na presha imetulia? Shemeji Respicius na kahawa yake wanaendeleaje? Mimi mzima, ila baridi ya mwezi huu inaingia mpaka kwenye mifupa. Buti nilizoondoka nazo nyumbani miaka tisa iliyopita bado nazivaa, ingawa ya kulia imemeguka kisigino. Usinicheke.

Barua yako niliipata. Najua Mama anahesabu Krismasi zote nilizoahidi kuja, na nimesoma alivyosema daktari, kwamba huenda asimalize mwaka. Sikujibu kwa sababu sikuwa na jipya zaidi ya ahadi ile ile.

Unamkumbuka Mzee Eladio, yule Mkuba niliyekusimulia habari zake, mume wa Daktari Estella? Alifariki mwezi wa tatu. Alicheza besiboli ligi ya kwao misimu ishirini na mmoja, magoti yakaisha, akamfuata mkewe aliyekuja kufanya kazi hospitali huku. Kila siku alikuja kwenye uwanja ninaoutunza pale Westville, akakaa kwenye benchi na kunifundisha mchezo ambao hata sikuuomba. Mchezaji anaanzia kituo kinachoitwa nyumbani, anazunguka vituo vitatu, na pointi haiandikwi mpaka arudi nyumbani.

Mechi yake ya mwisho ilimwishia kituo cha tatu, zimebaki hatua kama thelathini tu. Mwenzake alishindwa kuupiga mpira, watu wakaondoka, yeye kasimama palepale. Miaka ikapita, mama yake akafa Cuba, yeye yuko huku anasema atakwenda mwakani.

"Gosbert," aliniambia wiki yake ya mwisho, "mimi bado niko kituo cha tatu."

Nilicheka. Najuta.

Sasa sikia. Kila jioni nasawazisha udongo wa vituoni kwa reki, nikirudi kinyumenyume ili nisiache hata unyayo wangu. Tangu mazishi, kila asubuhi nakuta alama za viatu vya meno zimepita kituo cha kwanza, cha pili, mpaka cha tatu. Hapo zinakoma, zimeelekea nyumbani. Nilidhani wanafunzi wananichezea. Nikamuuliza mlinzi wetu Méthode, Mkongo asiyejua utani.

"Eish, hapa iko mtu anakimbia kila asubuhi," akasema. "Vumbi naona. Mtu mwenyewe sioni."

Nilizoea, dada, hebu fikiria. Nilikuwa nazifuta huku namwamkia mzee.

Ijumaa nilikuta jozi mbili. Za pili zilisimama sambamba na zake kituo cha tatu, na unyayo wa kulia hauna kona ya kisigino. Nikaweka buti yangu juu yake, ikaenea kabisa. Na mimi ndiyo kwanza nilikuwa nimeingia getini, udongo ule sijaukanyaga. Niliogopa mpaka nikakaa chini.

Nimekata tiketi ya basi, naondoka Alhamisi. Mwambie Mama safari hii ninakuja kweli.

Nisalimie shemeji, Irene, na Atupele na watoto wake wote. Mungu awafunike, na amtunze Mama mpaka nifike.

Jambo moja tu, dada. Nikibisha hodi, kabla hujanikumbatia, tazama uani nyuma yangu kama nimeacha nyayo.

Mdogo wako akupendaye siku zote,
Gosbert