Sekunde Nne za Mama Askale

Meaza, upo? Usinipigie, nalia, sitaweza kuongea.

Leo ilikuwa arobaini ya mama mkwe wangu, Mama Askale. Nyumba imejaa, kahawa ndiyo kwanza inamiminwa. Wifi yangu Zenebech, unamjua mdomo wake, akamgeukia kaka yake mbele ya watu: "Fikadu, miaka kumi na moja unapiga video za harusi mji mzima wa Dessie, na mama ndiye aliyekuwa anapika kwenye harusi hizo. Hebu tuwekee tumwone."

Mume wangu alibadilika rangi, Meaza!

Akafungua diski zote. Mabibi harusi, keki, magari yenye maua. Mama hayupo. Hayupo kabisa! Kila alipotokeza na aproni yake yenye madoa ya pilipili, Fikadu alimkata. Si unakumbuka alivyokuwa akisema, "Nani anataka kumwona mpishi?"

Akaja kumpata kwenye harusi moja tu, ambayo hajamaliza kuihariri. Sekunde nne. Mama anaifuata kamera, mkononi ana tonge la mkate wa injera na mchuzi wa kuku. Anasema, "Mwanangu, tangu asubuhi hujala." Anamnyooshea mkono amlishe.

Halafu sauti ya Fikadu: "Mama, toka bwana, unaniharibia picha!"

Mama anatoka.

Zenebech akaanza kukusanya vikombe vya kahawa.

Wageni wameondoka. Fikadu bado amekaa sakafuni mbele ya skrini, anarudisha palepale, anarudisha tena. Na Meaza, kila mkono wa mama unaposogea, anafungua mdomo.