Mjane Asiyekuwemo Kitabuni

Jumatano, 2 Juni 1993

Nusu siku leo. Tumefunga duka saa saba. Boksi la tajiri wangu limefika na basi la Mbeya. Dawa ya minyoo, dawa ya kupe, sindano za ng'ombe, na chini kabisa vitabu vipya kumi na viwili. Vyote vya mapenzi. Zamani duka la dawa za mifugo liliuza dawa za mifugo. Siku hizi ruksa, kila mtu anauza anachotaka. Simlaumu. Mimi ndiye niliyemshauri.

Sharti lake ni lile lile. Nisome, nimwambie kipi alete tena, ila kitabu kisirudi na mkunjo wala doa. Kwa hiyo navivika gazeti, nanawa mikono, nafungua nusu tu kama mtu anayechungulia mlangoni.

Nimemaliza cha kwanza. Daktari na muuguzi. Msichana anazimia mara nne. Mara ya kwanza nilimwonea huruma. Mara ya nne nilitaka apimwe damu. Daktari naye anamsubiri nje ya dirisha usiku kucha, amevaa shati jepesi. Aje asubiri hapa Sumbawanga na baridi ya mwezi huu wa sita, tumwokote asubuhi. Hata hivyo ukurasa wa mwisho nililia. Najichukia. Alama sita kwa kumi.

Ijumaa, 4 Juni

Cha pili hovyo. Mwandishi wa gazeti na binti wa waziri. Wanaonana ukurasa wa tatu, wa tano wameshakufa kwa mapenzi. Hawajaulizana hata kabila. Hakuna anayepika, hakuna anayefua. Alama tatu, na moja ni ya jalada.

Kitu kimoja kinanisumbua. Katika vitabu vyote hivi wakwe wako wapi? Baba wa msichana yupo, kazi yake kukataa. Lakini mama wa mume? Mashemeji? Wazee wa ukoo? Hawamo. Watu wanapendana utadhani walidondoka kutoka mbinguni. Ningempata mwandishi mmoja ningemuuliza kama yeye hana wakwe.

Maduhu alikuja saa nne. Dawa ya kupe, lita moja. Ni Msukuma, mmoja wa wale waliohamia bondeni na mifugo yao. Yuko Kaoze mwaka wa sita huu. Mjane mwenzangu, mkewe alifariki. Lita moja humtosha mwezi mzima, lakini mwezi wa tano alikuja mara nne. Mara ya nne akasema wazi kwamba anataka kunioa. Sijamjibu. Si kwamba sitaki. Nataka sana. Naandika tu, hapa hakuna msomaji.

Namwogopa Mama. Yaani mama wa marehemu Deo, mume wangu. Tunaishi wawili katika nyumba aliyotuachia Deo, mwaka wa nne sasa. Sina mtoto. Kwa ukoo wao mimi bado ni mke wa Deo mpaka wazee wao kule Mwimbi waseme vingine, na shemeji Leonsi, kaka yake Deo, hataki hata kusikia. Halafu kabila. Mama akisikia Msukuma anatema mate. Mwaka fulani ng'ombe wao walimlia shamba zima la ulezi.

Jumapili, 6 Juni

Baada ya misa. Mama anapeta ulezi uani, mimi namsomea. Ndiyo desturi yetu, Jumapili na Jumatano mchana. Hajui kusoma, na Kiswahili chake ni cha sokoni, hiki cha vitabuni kinampita juu. Basi macho yangu yanasoma Kiswahili, mdomo unasema Kifipa. Si kazi rahisi. Mtu "moyo wake ukapaa hadi mawinguni" utamwambiaje bibi wa Kifipa? Nilisema alishtuka.

Kitabu cha tatu. Rubani wa ndege na msichana wa miaka kumi na tisa. Mama akauliza umri wa msichana. Nikamtajia. Akasema huyo mtoto, anajua nini, akaanza kusinzia. Nikaona nampoteza. Nikamwambia samahani Mama, nimesoma vibaya, ana miaka thelathini na minne, na ni mjane.

Akafumbua macho.

Mimi nina miaka thelathini na minne.

Jumatano, 9 Juni

Rubani hakudumu. Mama alitaka kujua ndege ikiwa juu rubani anajisaidia wapi. Nikachoka, nikamshusha. Sasa ana ng'ombe. Mrefu, mpole, anacheka kwa pua. Kabila sikutaja. Mama akasema mwanamume mwenye mifugo walau haamki saa tatu.

Nikaongeza na mama mkwe, maana kitabu hakina. Nikampa roho mbaya. Anaficha chumvi. Anahesabu vijiko. Anamwambia mjane utazeekea humu humu. Nilitaka kujua Mama atasema nini, basi. Udadisi tu. Uongo, si udadisi tu.

Mama alimtukana yule mama mkwe mpaka akasahau ungo.

Jumamosi, 12 Juni

Janga. Tajiri amekiuza kitabu cha rubani. Amemuuzia Mama Faraja, jirani yetu nyumba ya tatu. Nilikimaliza mbio mbio asubuhi kabla hakijatoka. Msichana anaolewa na rubani wake, mvua inanyesha, mwisho. Alama tano. Changu kizuri zaidi.

Lakini kesho nasoma nini?

Jumapili, 13 Juni

Nimesoma mapenzi kutoka kwenye kijitabu cha maelekezo ya dawa ya kupe. Nilikivika gazeti kama vingine. Kwenye ukurasa wa vipimo vya maji mjane alilia. Penye picha ya josho mwenye ng'ombe akaja kuposa. Mungu anisamehe, tena Jumapili.

Mama ameshikwa kabisa. Anataka mjane aolewe. Amesema mwenyewe: "Aolewe. Amelia vya kutosha." Ningeweza kumwambia pale pale. Sikuthubutu. Nikasema mwisho tutasoma Jumatano.

Jumatano, 16 Juni

Sitaki kuandika hii.

Jumuiya ya sala ilikuwa kwa Mama Faraja. Baada ya rozari chai na viazi. Mama Faraja akaanza kuwasimulia wenzake kitabu alichonunua. Rubani, msichana wa miaka kumi na tisa. Mama akamkatiza.

"Umesoma vibaya. Ni mjane. Na mwanamume ana ng'ombe."

Mama Faraja akaenda kukileta kitabu. Jalada lina ndege. Mama akalitazama, akasema hiyo picha tu, watu wa mjini wanabandika chochote. Akaendelea kumtetea mjane wangu mbele ya wanawake kumi na mmoja. Akawaeleza mwanamume yukoje. Mrefu, mpole. Anacheka kwa pua.

Mmoja akaguna. Wakaanza kucheka. Kisha wakanigeukia mimi, wote. Hakuna asiyemjua mteja wangu wa dawa ya kupe.

Mama naye akanigeukia. Nikaona anavyoelewa, kidogo kidogo. Akaweka kikombe chini, akachukua khanga yake, akaondoka.

Alhamisi, 17 Juni

Kimya. Alipika uji, akaniwekea wangu, akatoka. La kuvunda halina ubani. Nimemfanya mtu mzima achekwe hadharani, na kosa lake lilikuwa kuniamini.

Ijumaa, 18 Juni

Kimya bado. Maduhu alikuja, nikamsimulia. Alicheka, kisha akaniona uso, akaacha. Akauliza kama aje kumwamkia Mama. Nikamwambia asithubutu.

Nimejaribu kitabu cha nne. Kuna barua zinazopotea njiani. Nadhani ni kizuri. Sikumbuki jina la mtu hata mmoja.

Jumapili, 20 Juni

Amesema.

Alikaa mahali pake uani, ungo mtupu magotini. Nilijiandaa kwa habari ya Msukuma. Nilijiandaa kwa Deo, kwa ukoo, kwa ulezi ulioliwa. Hakugusa hata kimoja.

"Skola, nilikuficha chumvi lini?"

Sikuelewa. Kisha nikaelewa, nikatamani ardhi ipasuke.

"Yule mama mkwe ni mimi. Nimemtukana wiki nzima, kumbe najitukana mwenyewe. Vijiko nilikuhesabia lini?"

Nikalia. Nikamwambia hukuwahi, Mama. Na ni kweli hakuwahi. Siku ya kumaliza matanga Leonsi alipobeba redio ya Deo, kisha akarudi kuchukua baiskeli, ni yeye aliyesimama mlangoni akasema pita juu yangu. Sasa kwa nini nilimpa roho mbaya? Nimejiuliza jioni nzima. Hadithi ilitaka adui, na yeye ndiye aliyekuwa karibu. Nimewacheka waandishi mwezi mzima, na mimi nimepewa mama mkwe mwema nikamharibu kwa siku moja.

Aliniuliza kama huyo mwanamume yupo kweli. Nikasema yupo. Kabila gani? Nikamwambia. Akatema mate, ila pembeni, kwa adabu.

Jumatatu, 21 Juni

Ameondoka alfajiri. Kikapu, kitenge cha misa, pikapu ya Mwimbi. Aliniambia uji uko jikoni, basi. Mwimbi ndiko kwa Leonsi na wazee. Amekwenda kunishtaki. Ningekuwa yeye na mimi ningekwenda.

Alhamisi, 24 Juni

Hakuna habari. Nyumba kubwa mno kwa mtu mmoja. Kitabu cha tano kimeniokoa kidogo. Mume na mke, wazima, wanagombana juu ya sabuni na wanapendana hivyo hivyo. Aliyeandika hiki amewahi kuishi na mtu. Alama tisa. Nimemwambia tajiri alete vingine vya mwandishi huyo. Ameniuliza mbona jalada lake halina msichana. Nikamjibu ndiyo maana.

Mama angekipenda. Nimekiweka kando, nisikiuze.

Jumamosi, 26 Juni

Amerudi. Akaoga, akala, akakaa. Kisha akasimulia bila haraka, kama mtu anayechambua mboga.

Aliwakuta wazee kwa Leonsi, pombe ya ulezi ipo. Jina langu hakulitaja. Aliwaambia ana hadithi ya kitabu, kimetoka mjini. Akawasimulia mjane wangu tangu mwanzo. Chumvi, vijiko, yote. Na mtu mmoja akamwongeza mwenyewe, ambaye mimi sikuwa naye. Shemeji. Anakuja siku ya kumaliza matanga, anabeba redio.

Wazee wakakasirika. Leonsi kuliko wote. Akasema ukoo wa namna hiyo hauna utu, mwanamke wa watu aachiwe aende zake akaolewe. Mama akamwacha amalize. Akamwongeza na pombe. Kisha akamwambia:

"Haya, umesema, na wazee wamesikia. Mwachie Skola."

Nikamuuliza Mama, Leonsi alifanyaje? Akasema aliitazama ile redio ya Deo pale mezani.

Wamekubali. Hata Usukuma haukuwazuia, Leonsi alikuwa ameshakosa pa kusimamia. Sharti ni kwamba nyumba inarudi kwenye ukoo, na Mama atahamia kwa Leonsi mavuno yakiisha.

Nilikwenda nyuma ya nyumba nikarukaruka kama mtoto. Niliporudi alikuwa anatenga vyungu vyake na vyangu.

Jumapili, 27 Juni

Kila mtu kanisani alinitazama. Sijali. Nimefurahi na ninajisikia vibaya, yote mawili, tangu asubuhi.

Mchana nilimsomea kile cha sabuni. Neno kwa neno, sikugeuza kitu. Alicheka mara mbili. Nilipofunga akaniuliza swali. Katika ile hadithi yangu, mjane akishaolewa na mwenye ng'ombe, yule mama mkwe anabaki na nani?

Nilimwambia ukweli. Sikuwa nimefika huko.

Akasema haya, akaenda kuanua mahindi. Yeye na mke wa Leonsi hawapatani, miaka na miaka. Alilijua hilo alipopanda pikapu.

Jumatano, 30 Juni

Nusu siku. Maduhu alikuja na kabla hajafika kwenye dawa nikamuuliza kama naweza kuja na Mama. Akasema mke kuja na mama wa marehemu mumewe, hiyo hajapata kuisikia, kwao wala kwetu. Kisha akasema hata wao kuhama na ng'ombe mpaka Rukwa kulikuwa hakujasikika. Ipo nyumba ya pembeni, aje.

Nikamwambia Mama uani. Hakuinua uso kwenye ungo. Akasema Leonsi ataongea. Nikasema aongee. Akapeta. Upepo ulikuwa mzuri, makapi yakaenda yote upande mmoja.

Baadaye akauliza huko Kaoze wanalima nini. Nikamwambia mpunga, na mahindi. Akakunja uso. Akasema bondeni ulezi haukubali, kila mtu anajua. Halafu akachota punje kiganjani, akazipuliza, akazitia kwenye kibuyu kidogo peke yake. Hizi ni za kupanda, akasema. Tuone.